Mukuru, Kumi kwa Kumi: Miaka Minane ya Mtaa Mmoja wa Nairobi

Kila mwaka, kabla ya Septemba kushika kasi, serikali ya kaunti nchini Kenya huwa imekwisha kufikisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka mbele ya bunge la kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ndiyo iliyoweka tarehe, Septemba mosi. Mwaka wa fedha ukimalizika, taarifa ya utekelezaji hufuata. Aliyewahi kukaa na taarifa hizo anaujua mpangilio wake: jedwali refu, jina la mradi, wadi, fedha zilizotengwa, asilimia iliyokamilika. Kilomita za lami, taa za barabarani, zahanati, madarasa ya chekechea. Nazithamini taarifa hizi, maana bila hizo mwananchi anayeenda kumuuliza MCA wake, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, swali hana pa kushika. Kasoro yake ni moja: jedwali linajua kujumlisha tu. Halina safu ya kilichoondolewa.

Mukuru ndipo mahali ambapo kasoro hiyo inaonekana wazi kuliko kwingine Nairobi, na ndiyo sababu nimekichagua kisa hiki.

Watu hulitaja jina moja, lakini mitaa ni mitatu: Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Iko kusini mashariki mwa katikati ya jiji, imebanwa na viwanda vya Industrial Area upande mmoja na barabara ya Outer Ring upande mwingine, Mto Ngong ukiipitia. Ukubwa wake wote ni ekari 689 hivi. Kaya zilipohesabiwa wakati wa mpango nitakaousimulia, zilipatikana 100,561. Ukigawanya, ekari moja ina kaya zisizopungua 145. Chumba cha kawaida ni cha mabati, futi kumi kwa kumi, na ndani yake kuna kitanda, jiko, meza ya watoto ya kuandikia na mtungi wa maji nyuma ya mlango. Walio wengi ni wapangaji. Wenye ploti aghalabu hawaishi hapo. Anayejulikana ni keyateka, yule anayepita mwisho wa mwezi kukusanya kodi.

Tuanze na bei, kwa kuwa kisa chenyewe kilianzia hapo.

Mtungi wa lita 20 ukiuzwa shilingi 5, ambayo ni bei ya siku njema katika mitaa mingi ya mabanda Nairobi, mita moja ya ujazo ya maji inakuwa shilingi 250, maana mitungi 50 ndiyo inayoijaza. Mwenye mfereji wa kampuni ya maji ya jiji ndani ya nyumba yake hajawahi kulipa hivyo kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani. Siku maji yanapoadimika, bei ya mtungi hupanda maradufu na zaidi, na mama hana budi kununua. Watafiti walioshirikiana na wakazi wenyewe waliipima tofauti hiyo: Mukuru walikuwa wakilipia maji asilimia 172 zaidi ya bei rasmi. Kwa stima, ile ya kuunganishiwa kichochoroni ambayo watu huiita sambaza, walilipa kati ya asilimia 45 na 142 zaidi, tena kwa waya uliopita juu ya mabati na kuzimika mvua inaponyesha. Walipojumlisha mzunguko wa fedha katika huduma hizi zisizo rasmi, walifika shilingi bilioni 7 hivi kwa mwaka.

Tarakimu hiyo ilibadilisha mazungumzo, na nadhani haijapewa uzito unaostahili hadi leo. Kwa miaka mingi hoja ya wakuu wa jiji ilikuwa kwamba mitaa ya mabanda haina uwezo wa kulipia huduma, kwa hiyo huduma haziwezi kufika. Sasa ikaonekana kwamba watu wanalipa, na wanalipa kuliko wenye majumba ya ghorofa. Fedha zipo. Zinaishia mikononi mwa wenye mabomba ya wizi, wenye waya na wenye vyoo vya kulipia, na hakuna hata ndururu moja inayorudi kutengeneza chochote.

Kwa nini basi jiji halikupeleka mabomba? Jibu ni ardhi. Sehemu kubwa ya Mukuru ni mali ya watu binafsi na makampuni, kwenye karatasi. Viwanja viligawiwa miaka ya 1980 na 1990 kwa masharti kwamba mgawiwa ajenge kiwanda chepesi katika muda uliowekwa. Wengi hawakujenga hata ukuta. Wengine walichukua hatimiliki wakaiweka rehani benki. Watu nao wakaendelea kuishi pale pale, wakizaa na kuzika. Kampuni ya umma inayotaka kulaza bomba inahitaji ridhaa ya mwenye kiwanja au ardhi ya umma ya kupitishia, na Mukuru hakuna hata kimoja kilichokuwa rahisi kupatikana. Kesi zilikwenda mahakamani, ahadi za kufuta hati zikatolewa, na mambo yakabaki yalivyo.

Hapa ndipo mashirika ya wakazi yalipoingia, na yanastahili kutajwa kwa majina. Muungano wa Wanavijiji ulizaliwa 1996, wakati ubomoaji ulikuwa jambo la kila mara Nairobi, na watu wa mitaa mbalimbali wakaona heri washikane. Akiba Mashinani, mfuko wao wa fedha, ukajengwa juu ya vikundi vya kuweka akiba, shilingi kumi, shilingi hamsini, kila wiki. SDI Kenya, shirika linalofanya kazi na wakazi wa mitaa ya mabanda, ikashughulikia takwimu na ramani. Vyuo vikuu navyo vikaja: Nairobi, Strathmore, na kutoka ng'ambo Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Wanawake wa Mukuru walikuwa wameshaandamana na kupeleka malalamiko yao serikalini kuhusu vyoo, jambo ambalo katika jamii yetu mtu huona haya kulisema hata kwa jirani. Walilisema hadharani, na wakalisema wakiwa na hesabu mkononi.

Agosti 2017, mwezi ule ule wa uchaguzi mkuu, serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa Eneo Maalum la Mipango. Viwandani nayo ikajumuishwa pamoja na Kwa Njenga na Kwa Reuben. Sheria ya mipango iliyotumika ilikuwa na kifungu ambacho hakikuwa kimetumiwa kwa mtaa wa mabanda wa ukubwa huo: eneo likitangazwa maalum, ujenzi mpya unasimamishwa kwa muda usiozidi miaka miwili, na katika muda huo mpango unaandaliwa kwa kufuata hali halisi ya mahali, badala ya kulazimisha viwango vilivyoandikwa kwa ajili ya mitaa yenye nafasi. Kwa lugha ya mtaani, hiyo ilikuwa na maana kwamba mwenye hati aliyelala miaka 30 hangeweza kuamka kesho na kuleta tingatinga.

Kazi iliyofuata ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika kisa hiki. Katiba ya 2010 inataka umma ushirikishwe, na sote tunajua namna ushirikishwaji unavyofanywa mara nyingi: tangazo gazetini siku chache kabla, ukumbi, viti vya plastiki, soda, karatasi ya kusaini, na watu mia moja wanaandikwa kuwa ndio sauti ya watu laki tatu. Mukuru walikataa njia hiyo. Walianza na kaya kumi. Kaya kumi zilizo kichochoro kimoja, zinazojuana hata kwa kikohozi, zilikuwa seli moja. Seli kumi zikawa kundi la kaya mia. Juu yake mtaa mzima ukagawanywa katika sehemu 13, kila moja ikiwa na kaya kati ya elfu saba na nane. Suala likishuka kutoka kwa wataalamu, lilifika hadi kwenye zile kaya kumi; jibu likipanda, lilipanda kwa njia ile ile.

Wataalamu nao hawakuachwa waelee. Mashirika zaidi ya 40 yaligawanywa katika vikundi kazi: maji na maji taka na nishati, afya, elimu na vijana, ardhi na sheria, nyumba na barabara na biashara, mazingira, fedha. Idara ya kaunti inayohusika iliketi ndani ya kila kikundi. Mwanafunzi wa mipango miji alikaa meza moja na mama muuza mboga, na afisa wa kaunti akalazimika kueleza kwa Kiswahili chepesi kwa nini shimo la maji taka haliwezi kuwa juu ya kisima.

Chukua suala la barabara, maana ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Mwongozo wa kawaida wa mipango ungetaka njia ya kuingilia makazi iwe na upana wa mita 9 hivi. Mita 9 ni vyumba vitatu vya futi kumi vilivyopangwa ubavu kwa ubavu. Ukipitisha barabara ya upana huo kwa urefu wa mita 100 tu, mahali palipojengwa kote, unaondoa karibu vyumba 97. Kaya 97 kwa mita mia moja! Ukikubali mita 6, vinaondoka 65. Sasa fikiria kikao cha seli ambamo swali linalojadiliwa ni upana wa barabara, na kila aliyeketi anajua chumba chake kiko upande gani wa ule mstari. Mzima moto anahitaji nafasi ya gari lake. Moto wa Mukuru unateketeza nyumba mia kwa usiku mmoja kwa sababu hakuna njia. Mgonjwa anahitaji ambulensi. Muuza sukuma wiki anahitaji ukingo wa barabara, kwa sababu wateja wake wanapita hapo. Wakazi walijadiliana, wakakubali barabara chache pana zenye kazi nyingi, na vichochoro vibaki vichochoro ila viwe safi na vyenye mfereji. Hakuna mtaalamu ambaye angeweza kuupata uamuzi wa namna hiyo akiwa ofisini, hata kama angekuwa na picha za setilaiti za mwaka mzima.

Ni vyema kukumbuka ulinganisho uliokuwa vichwani mwa watu. Mwaka 2009 kaya 1,200 hivi za Kibera zilihamishiwa majengo ya ghorofa Lang'ata ili mtaa wao wa Soweto Mashariki ujengwe upya. Wengine walibaki, wengine wakakodisha vyumba vyao kwa watu wenye kipato zaidi na kurudi mabandani, kwa kuwa fedha ya kodi ilikuwa na faida kuliko bafu. Siwalaumu. Mukuru walilitazama hilo wakasema wanataka kuboreshwa walipo, wasihamishwe kwanza.

Mpango ukaandikwa. Kaunti, hata hivyo, ilikuwa imeingia katika misukosuko yake. Gavana Evans Kidero aliondoka baada ya uchaguzi ule wa Agosti 2017, Mike Sonko akaingia, na kufikia 2020 uhusiano wake na serikali ya kitaifa ulikuwa umeharibika. Tarehe 25 Februari 2020 alitia saini Ikulu makubaliano ya kuhamishia serikali kuu majukumu manne: afya, uchukuzi, ujenzi wa umma, na mipango ya maendeleo. Mwezi uliofuata ikaanzishwa Idara ya Huduma za Jiji, ambayo kila mtu aliiita NMS, kifupi cha jina lake la Kiingereza, Nairobi Metropolitan Services, chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi. Desemba mwaka huo Sonko akaondolewa madarakani na Seneti.

Kuna ambao mpaka leo wanaona NMS ilikuwa pigo kwa ugatuzi, na wana hoja: watu walimchagua gavana, kisha kazi zake zikaangukia afisa wa jeshi ambaye hawakumpigia kura. Lakini mkazi wa Mukuru akiulizwa ni lini aliona trekta la kazi ya umma kwa mara ya kwanza, wengi watataja kipindi hicho. Mpango ulikuwa tayari mezani, umejadiliwa, una ramani, na NMS ilikuwa na fedha na amri. Ilichimba visima virefu. Ilijenga vituo vya afya katika mitaa ya mabanda, 24 vikiwa vimepangwa kwa jiji zima, na Mukuru ikapata vyake. Lami ikaingia mahali ambapo gumbuti zilikuwa sehemu ya sare ya shule wakati wa masika.

Kisha maji taka. Hapa nitaomba subira ya msomaji kidogo, kwa sababu ufundi wake ndio ulioamua mambo.

Mfumo wa kawaida wa maji taka wa jiji ni bomba kubwa, lililofukiwa kina kirefu, chini ya barabara pana ambayo gari la kuzibulia linaweza kufika. Mukuru, barabara hizo hazikuwepo. Kwa miaka mingi watu walitegemea vyoo vya shimo vilivyojaa, vikizolewa usiku na vijana kwa ndoo na pipa, mzigo ukiishia mtoni. Asiye na shilingi za choo cha kulipia, au mwanamke aliyeogopa giza, alitumia mfuko wa nailoni. Kuanzia 2011 shirika la Sanergy lilileta pale pale Mukuru vyoo vya Fresh Life, ambavyo kinyesi hukaa kwenye chombo kilichofungwa na kubebwa kila mara hadi kiwandani kutengenezewa mbolea. Vilisaidia, na bado vinasaidia. Lakini ni choo cha kulipia au cha ploti moja moja. Havikuwa mtandao wa jiji.

Mfumo uliochaguliwa unatumia mabomba membamba, yaliyolazwa kina kifupi, yanayopinda kufuata vichochoro. Kwa kuwa hakuna lori linalopita juu yake, bomba halihitaji kufukiwa mita tatu chini. Kwa kuwa ni membamba, maji machache yanatosha kusukuma. Gharama inashuka, na muhimu kuliko gharama, hakuna nyumba nyingi za kubomoa. Mwenye ploti anajenga choo cha kumwagia maji na kujiunganisha. Mkandarasi aliajiri vijana wa mtaani kuchimba, na zile seli za kaya kumi zikawa ndizo za kuamua mtaro upite wapi, nani asogeze jiko lake, nani asogeze genge lake kwa wiki mbili.

Mfumo huo una udhaifu, na nisiufiche. Bomba jembamba linaziba likikosa maji au likitupiwa vitambaa na taka ngumu, na mtaa usiozolewa taka utazitupa humo. Kwa hiyo maji ya mfereji, uzoaji wa taka na maji taka ni jambo moja lenye vichwa vitatu. Kwenye jedwali la taarifa ya mwaka ni miradi mitatu, idara tatu, na kila moja inaweza kuandika asilimia mia ilhali choo kimefurika.

Hadi hapo mtu angesema kisa ni cha ushindi. Mwaka 2021 ulikuwa bado haujaisha.

Oktoba na Novemba 2021, msimu wa vuli, tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga. Sababu iliyotolewa ni barabara, ile ya Catherine Ndereba. Nyumba zilivunjwa, vibanda vya biashara vikavunjwa, na makumi ya maelfu ya watu wakabaki nje katika mvua, wakati korona ingali inaua. Wakazi walilalamika kwamba ubomoaji ulivuka mbali upana wa barabara yoyote, na kwamba ardhi iliyosafishwa ilikuwa na mdai wake, mwenye hati. Watu walipiga mahema ya turubai na nailoni juu ya vifusi vya nyumba zao wenyewe wakakataa kuondoka. Mwishoni mwa Desemba palitokea makabiliano na polisi, na watu wakauawa.

Nataka ifahamike vizuri kilichotokea hapo kimpango. Mtaa huu ulikuwa Eneo Maalum la Mipango. Kaya zake zilikuwa zimehesabiwa moja moja. Upana wa barabara zake ulikuwa umejadiliwa hadi vichochoroni. Serikali iliyoleta lami na vituo vya afya ilikuwa mamlakani mwaka ule ule. Yote hayo hayakuzuia tingatinga, kwa sababu jambo moja lilikuwa limeachwa kando tangu mwanzo kwa kuwa lilikuwa gumu mno: nani ni mwenye ardhi. Zuio la ujenzi lilikuwa la miaka miwili, na miaka miwili ilikuwa imekwisha. Waliokuwa wakifuatilia walisema mapema kwamba huduma zinapanda bei ya ardhi, na ardhi ikipanda bei mwenye karatasi ataikumbuka. Barabara nzuri iliyopita Kwa Njenga ilifanya ekari zilizokuwa matope kuwa ekari za kando ya lami.

Katika taarifa ya mwaka huo wa fedha, ukizitafuta kilomita za barabara, zimo. Watu waliokuwa wakiishi zilipopita hawamo.

Baada ya uchaguzi wa Agosti 2022, NMS ilivunjwa na majukumu yakarudi kwa kaunti chini ya Gavana Johnson Sakaja. Nikiri kwamba mambo yalipoa. Vituo vya afya vilibaki na majengo, na changamoto za watumishi na dawa ambazo kaunti nyingi zinazo. Mradi ulioonekana zaidi Mukuru katika kipindi hiki uliwahusu watoto: Dishi na Kaunti, ulioanza 2023 kwa ushirikiano na shirika la Food4Education, ambapo mtoto wa shule ya msingi ya umma hulipa shilingi 5 kwa chakula cha mchana. Ni kitu chema kabisa, na mzazi wa kibarua cha kiwandani anakihisi mfukoni jioni hiyo hiyo.

Aprili na Mei 2024 mvua ilivunja kingo za Mto Ngong. Waliopoteza maisha na mali jijini walikuwa wengi, na mitaa ya kando ya mito ndiyo iliyoumia zaidi. Maji yalipopungua, serikali iliamuru watu wahame ukingo wa mto na ikabomoa nyumba, Mukuru ikiwamo. Safari hii hoja ya usalama ilikuwa ya kweli. Hakuna anayetaka mtoto alale mita tano kutoka kwa mto unaofura. Ila zile seli za kaya kumi zilikuwa bado zipo, pamoja na orodha za nani anakaa wapi. Zingeweza kutumika kuwapanga watu mahali pengine ndani ya mtaa kabla ya mashine kufika. Orodha ile ilikuwa mali ya thamani, na haikutumiwa.

Mei 2025 Rais William Ruto alikabidhi nyumba 1,080 za awamu ya kwanza ya mradi wa nyumba za bei nafuu uliojengwa kando ya mtaa, ambao jumla yake inakusudiwa kuwa nyumba 13,248. Waliokabidhiwa funguo walilia kwa furaha, na nani angewasema? Choo ndani, bomba ndani, mlango unaofungwa. Ni hatua kubwa kwa aliyeipata. Lakini weka 13,248 mbele ya kaya 100,561. Zikikamilika zote, na zote zikapewa watu wa Mukuru, itakuwa kaya moja katika kila kaya nane hivi. Saba wanabaki kwenye mabati, na hatima yao ingali ile ile ya 2017: kuboreshewa walipo, kwenye ardhi ambayo wengine wana hati yake.

Na kwa hao saba kuna jambo dogo ambalo naliona kubwa kuliko mengi. Ploti ikipata choo cha kumwagia maji na mfereji uani, mwenye ploti ametumia fedha zake kujiunganisha, na ni haki yake kutaka zirudi. Keyateka atakuja na kodi mpya. Kenya ina sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, yenye mahakama yake maalum ambapo mpangaji anaweza kwenda kulalamika akipandishiwa ovyo au akifungiwa mlango. Sheria hiyo inahusu makazi ambayo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kiliwekwa miongo mingi iliyopita, wakati ambapo 2,500 ilipanga nyumba ya heshima. Leo ni bei ya chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi. Chumba cha 2,400 kikiboreshwa na kuwa cha 2,700, mpangaji amepata choo, na hapo hapo ameanza kutoka chini ya kinga hiyo aliyokuwa nayo kisheria. Akishindwa kulipa, atahama usiku na mtungi wake na godoro kwenda mtaa mwingine ambao bomba halijafika, na katika taarifa ya mwaka ploti ile itahesabiwa kuwa imeunganishwa.